Aliuza Vyungu, Akaitwa Mtumwa, Akaibuka Staa: Stori ya Siti binti Saad

Wacha nikuulize kitu kwanza. Ukiambiwa utaje staa wa kwanza kabisa wa kike kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, yule aliyeingia studio na ngoma zake zikauzwa madukani, utamtaja nani? Wengi wetu tutaanza kukuna kichwa. Mwingine atataja msanii wa miaka ya tisini, mwingine aende mbali kidogo hadi enzi za babu yake. Lakini ukweli ni kwamba lazima urudi nyuma hadi 1928, kabla Nairobi haijafikiria kuwa na studio, kabla baba ya babu yako hajamiliki redio.

Jina lake ni Siti binti Saad. Na kabla uanze kusema hizi ni stori za wazee wa pwani na kahawa yao, tulia hapo. Hii stori ina umaskini, ina safari ya meli, ina disi ya hatari na majibu yake, ina kesi ya mauaji, na ina msichana ambaye wazazi wake walimpa jina ambalo wewe huwezi kubali kuitwa hata kwa mchezo.

Walimwita Mtumwa.

Fumba, karibu 1880

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880 pale Fumba, kijiji cha pwani upande wa kusini magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, huko bara. Mamake alikuwa Mzigua, watu wa upande wa Tanga. Ukiona Mnyamwezi na Mzigua wamekutana kwenye kijiji cha Unguja miaka hiyo, jua hawakufika hapo kwa likizo. Ilikuwa familia yenye asili ya utumwa.

Elewa rada ya wakati huo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini kufunga soko hakukumaanisha watu wako huru. Mashamba ya karafuu bado yalikuwa yanalimwa na watumwa, na sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilikuja 1897. Kwa hivyo Siti alizaliwa katikati ya hiyo miaka ya giza, ambapo mtu anaweza kuwa hauzwi sokoni tena lakini bado ni mali ya mtu. Na hata baada ya sheria, watu walikuwa wanakumbuka vizuri nani alitoka wapi. Mji mdogo hausahau.

Sasa fikiria unazaliwa hapo, halafu jina lako lenyewe linatangaza hali yako. Kila mara unapoitwa ukale, ukachote maji, ukumbushwe. Mtumwa binti Saad.

Familia ilikuwa ya watu wa jembe na udongo. Babake alikuwa mkulima, mamake alikuwa fundi wa kufinyanga vyungu. Binti akafunzwa hiyo kazi. Shule hakuona. Chuo cha Korani hakupata nafasi ya kukaa. Masomo yake yalikuwa udongo, maji na moto.

Na vyungu havijiuzi. Soko lilikuwa mjini, na kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Hakuna matatu, hakuna boda. Ni wewe, miguu yako, na mzigo wa vyungu kichwani ambavyo ukijikwaa mara moja tu, mtaji wote umevunjika. Dem alikuwa hasola kabla hilo neno lizaliwe.

Hapo ndipo watu walianza kugundua kitu. Inasimuliwa kwamba akipita mitaani akinadi vyungu vyake, sauti ilikuwa inafika mbali kabla yeye mwenyewe hajafika. Watu walikuwa wanajua ni nani anakuja kabla wamwone. Wewe unajua vile makanga wa matatu hutambulika kwa sauti tu? Sasa ongezea utamu juu yake.

Kuhamia tao

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, na ndoa ikavunjika. Ni stori ambayo mamathe wengi wanaijua vizuri. Umebaki na mtoto, huna elimu, huna urithi, na kijijini hakuna kitu cha kushika. Utafanya nini?

Mwaka wa 1911, Siti akaamua kuhama Fumba na kuingia mjini. Alikuwa na kama miaka 30. Sema tena ukiambiwa umechelewa maishani kwa sababu una 25 na bado hujaomoka. Huyu mama alianza mziki akiwa na umri ambao wengine leo wanajiita wazee.

Mjini alikutana na mtu aliyebadilisha maisha yake. Jina lake ni Ali Muhsin, mwanamziki, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarab kilichoanzishwa Unguja 1905 na ambacho bado kiko hadi leo. Ali Muhsin alisikia hiyo sauti, akajua hapa kuna kitu. Akamfunza kuimba kwa mpangilio, akamfunza nyimbo za Kiarabu, akamwonyesha vile sauti inakaa juu ya ala.

Hapa tusimame kidogo, maana lazima uelewe taarab ilikuwa mziki wa nani.

Taarab iliingia Unguja kupitia ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda sana mambo ya Misri. Alileta wanamziki kutoka huko, halafu akamtuma kijana wa Unguja aitwaye Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Kijana akarudi akiwa fundi wa ganuni, na mziki ukaanza kupigwa ikulu. Udi, fidla, ganuni, na maneno ya Kiarabu. Wasikilizaji ni wakubwa wa serikali na matajiri wenye mashamba. Wapigaji ni wanaume. Na hata vikundi vilipoanza kutoka nje ya ikulu, kama hiyo Nadi Ikhwani Safaa, bado ilikuwa mbogi ya wanaume.

Sasa katikati ya hiyo picha, ingiza mwanamke. Ana asili ya utumwa. Ametoka shags. Hajui kusoma. Na anataka kuimba taarab.

Unaona noma iko wapi?

Ng'ambo, upande ule mwingine

Mji wa Zanzibar wakati huo ulikuwa umegawanywa mara mbili, na katikati kulikuwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, majumba ya mawe, milango ya kuchongwa, ikulu, mabalozi na matajiri. Upande wa pili paliitwa Ng'ambo, yaani kule ng'ambo ya maji. Hapo ndipo waliishi mafundi, wapagazi, wavuvi, waliokuwa watumwa na watoto wao. Nyumba za udongo na makuti. Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Kila mji una upande wa huku na upande wa kule, na kila mtu anajua yeye anaishi wapi.

Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo. Na hapa ndipo ujanja wake ulipo: hakujaribu kuhama Ng'ambo ili awe staa. Alifanya Ng'ambo iwe mahali pa kwenda.

Alikusanya mbogi yake. Kulikuwa na Subeit Ambar, mpigaji udi. Kulikuwa na Buda Swedi na Mwalim Shaaban. Halafu kulikuwa na Mbaruk Talsam, na huyu Mkenya lazima amjue, maana alikuwa jamaa wa Mombasa, asiyeona, lakini ukimpa udi mkononi unasahau kila kitu. Kwa hivyo ukisikia hii ni stori ya Zanzibar peke yake, kataa. Mombasa ilikuwa ndani tangu mwanzo.

Usiku ukiingia, nyumba ya Siti ilikuwa inajaa. Watu wa mtaa walikuwa wanakuja, wanakaa, wanaleta stori za siku hiyo. Nani amefutwa kazi, nani ametapeliwa, nani amefungwa na kwa nini. Mbogi inasikiliza, inatunga, inapiga. Hata matajiri wa Mji Mkongwe wakaanza kuvuka maji kuja kusikiliza. Na Siti naye akaanza kuitwa kwenye harusi za wakubwa na kwenye kumbi za ikulu, mbele ya Sultani Khalifa bin Harub mwenyewe.

Ni katika hiyo safari ya kupanda ndipo lile jina la kwanza lilikufa. Watu wakaanza kumwita Siti, neno la heshima lenye maana ya bibi, mwanamke mwenye hadhi. Hebu pima umbali huo. Kutoka Mtumwa hadi Siti. Hakununua jina, hakuolewa na tajiri ili alipate. Koo lake ndilo lililomletea.

Ile disi

Lakini wewe unajua mambo ya mjini. Ukianza kung'aa, kuna watu hawalali.

Wapinzani wake walitunga wimbo wa kumdisi. Na haukuwa wa mafumbo mepesi. Ulimuuliza ameanza kuwa mtu lini. Ulimkumbusha kwamba alikuja mjini na nguo ya kimaskini, kaniki, ile nguo nyeusi ya bei ya chini iliyovaliwa na watumwa na wakulima. Ulisema kwamba bila hiyo sauti, angekula nini. Na nje ya wimbo, maneno yakaendelea, kwamba hata sura hana.

Fikiria hapo. Watu wamechukua vitu vinne vinavyouma zaidi, asili yako, umaskini wako, kazi yako na uso wako, wamevipanga kwenye mashairi, na mji wote unaimba. Leo ingekuwa mitandaoni siku tatu halafu isahaulike. Kule wimbo ulikuwa unaishi miaka. Na huu wenyewe bado unajulikana hadi leo.

Siti angeweza kunyamaza. Angeweza pia kujibu kwa matusi. Alichofanya ni kutunga jibu lake. Alisema uzuri wa sura si hoja, na kwamba mtu anapimwa kwa tabia na akili yake. Hakukana alikotoka. Hakusema hakuvaa kaniki. Hakudai kwamba yeye ni mrembo kuliko wao. Alihamisha mjadala wote na kuwaacha wakishikilia kaniki yao mkononi.

Wasanii wa sai, mnasoma hii? Anayetafuta kiki angejibu siku hiyo hiyo kwa hasira. Huyu mama alijibu kwa njia ambayo miaka mia baadaye bado tunalisoma jibu lake, na majina ya waliomdisi hayako kwenye midomo ya watu.

Kilichofanya ngoma zake ziwe kali

Watu wengine watakuambia Siti ndiye wa kwanza kuimba kwa Kiswahili. Tusipite mipaka. Pwani yetu imekuwa ikitunga na kuimba mashairi ya Kiswahili kwa karne nyingi, na wanawake walikuwa na ngoma zao za kujibizana kabla ya Siti. Lakini taarab ile ya heshima, ya udi na fidla, iliyokuwa inapigwa kwa Kiarabu, ndiyo aliyoichukua na kuijaza Kiswahili mpaka ikawa ya kila mtu.

Na hakuishia kwa lugha. Mbogi yake iliingiza mapigo ya ngoma za mtaani, zile ambazo watu wa Ng'ambo walikuwa wamezileta kutoka bara na kutoka mashambani. Kwa hivyo mziki wa Misri ukakutana na mdundo wa Mwafrika, na hapo katikati ndipo pakazaliwa kitu ambacho hakikuwa cha Cairo wala cha kijijini. Kilikuwa cha mjini. Kama leo ungekuwa unasaka neno, ungesema ni mziki wa kizazi kipya. Kila kizazi huwa na chake.

Alikuwa na uwezo wa kuimba Kiarabu akitaka, na hata Kihindi. Kumbuka huyu ni mtu ambaye hakuwa amekaa darasani. Alikuwa anashika maneno kwa kichwa. Lakini Kiswahili ndicho kilichomweka kwenye roho za watu.

Halafu kulikuwa na maudhui. Siti aliimba mapenzi, ndio, kama msanii yeyote. Lakini pia aliimba makarani waliokula pesa za watu wakafungwa. Aliimba wanaume wanaopiga na kutesa wanawake. Aliimba mahakama. Na hapo ndipo tunafika kwa ule wimbo mmoja.

Kijiti

Hii sehemu soma polepole.

Kuna wimbo wa Siti na mbogi yake unaojulikana kama Kijiti. Ulitokana na kesi ya kweli. Kulingana na wimbo unavyosimulia, kuna mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na mimba. Akaalikwa kwenye starehe na wenyeji, na kwenye hiyo safari kulikuwa na mwanaume aitwaye Kijiti. Mwanaume huyo akamchukua, akambaka, na akamuua. Halafu akatoroka kisiwa, akavuka kwenda bara.

Na mahakama? Wanawake wawili waliokuwa na yule mgeni, wale waliojitokeza kama mashahidi kueleza kilichotokea, ndio waliogeuziwa kibao. Wao ndio walionekana wenye makosa. Wao ndio walioadhibiwa. Muuaji akabaki huru huko alikokimbilia.

Sasa niambie ni mwaka gani huo. Ungeniambia ni wiki iliyopita, ningekuamini. Bado leo mwanamke akiuawa, swali la kwanza mitandaoni huwa ni alikuwa anafanya nini huko, alikuwa na nani, alikuwa amevaa nini. Wanawake wa Kenya wamejaa barabarani wakibeba mabango kwa sababu ya hayo maswali. Siti aliyasikia miaka mia iliyopita, kwenye koloni, mbele ya hakimu wa serikali ambayo haikuwa na mpango wa kumsikiliza mwanamke maskini wa Ng'ambo.

Hakuwa wakili. Hakuwa na gazeti, na hata angekuwa nalo asingelisoma. Alichokuwa nacho ni wimbo. Kwa hivyo aliweka jina la mwanaume huyo kwenye wimbo, na wimbo ukaenda mahali ambapo hukumu ya mahakama haikufika. Kijiti alikimbia kisiwa, lakini kila gramafoni iliyopiga ule wimbo ilikuwa inamtaja tena. Hiyo ndiyo hukumu pekee aliyopata, na bado anaitumikia.

1928, safari ya Bombay

Sasa tuingie kwenye mboka yenyewe. Miaka ya ishirini, kampuni ya santuri ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikuwa inatafuta masoko mapya. Kwenye pwani yetu watu walikuwa wananunua santuri za Misri na India, lakini hakukuwa na santuri za Kiswahili. Na studio haikuwepo huku. Kwa hivyo ukitaka kurekodi, lazima uvuke bahari.

Mwaka wa 1928, Siti binti Saad na wenzake wakapanda meli kwenda Bombay, India, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48. Yule msichana aliyekuwa anatembea kilomita 20 na vyungu kichwani sasa alikuwa anavuka Bahari ya Hindi kwenda kurekodi.

Kurekodi siku hizo haikuwa mchezo wa kufuta na kurudia kila mstari. Santuri ya wakati huo ilikuwa inabeba kama dakika tatu tu kila upande. Fikiria mbogi iliyozoea kuimba wimbo mmoja hadi usiku unazeeka, watu wanatunza, mistari inaongezwa, halafu unaambiwa una dakika tatu, anza. Ilibidi wajifunze kukata, kuchagua beti zenye uzito, na kumaliza kabla sahani haijaisha. Ukifikiria vizuri, hapo ndipo ngoma ya dakika tatu ilianza kwetu.

Santuri zilipofika sokoni, mambo yakalipuka. Ndani ya miaka michache ziliuzwa makumi ya maelfu. Kampuni nyingine, kama Columbia na Odeon, zikaona chapaa iko wapi, zikaanza kurekodi wasanii wa Kiswahili pia. Wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gramafoni, lakini hiyo haikuzuia kitu. Mikahawa ilikuwa nayo. Unaingia, unaagiza kahawa, unasikiliza Siti. Kutoka Unguja hadi Mombasa, Lamu, Tanga, Dar, hadi visiwa vya Komoro, watu ambao hawakuwahi kumwona uso walikuwa wanaijua sauti yake.

Ndio maana anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za kuuzwa. Kwa jumla inahesabiwa kwamba aliimba na kurekodi nyimbo zaidi ya 250. Weka hiyo namba pembeni ya msanii wako unayempenda uone.

Na kuna kitu kingine cha kukumbuka kuhusu huo mwaka wa 1928. Ni mwaka huo huo ambapo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Wenye ardhi walikuwa wanadai kodi kutoka kwa watu waliojenga vibanda vyao kwa jasho, na wakaaji wakasema hapana, hatulipi. Kwa hivyo usidhani Siti alikuwa anaimba hewani. Mtaa wake ulikuwa umeamka. Watu ambao jana waliitwa mali, leo walikuwa wanajiuliza kwa nini walipie udongo waliolala juu yake. Sauti ya Siti ilikuwa ya watu hao. Alipotoka kwenye santuri akiongea lugha yao na stori zao, walijisikia wako.

Miaka ya mwisho

Ustaa wa santuri ulipungua miaka ya thelathini, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka na bei za karafuu kuanguka nao. Lakini Siti hakuwa msanii wa santuri kwanza. Alikuwa msanii wa usiku wa Ng'ambo, wa watu kukaa na kusikiliza. Hilo halikuhitaji kampuni.

Na alikuwa anapanda mbegu bila kujua. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo wa Unguja aliyekuwa anamsikiliza kwa makini, akizishika zile nyimbo moja baada ya nyingine. Huyo msichana alikuja kujulikana kama Bi Kidude. Aliimba hadi uzeeni kabisa, akazunguka dunia, na akafariki Aprili 2013. Kama uliwahi kuona video ya yule nyanya akipiga ngoma kubwa kwa nguvu za kijana, ulikuwa unaona mwanafunzi wa Siti.

Kabla Siti hajafariki, alikutana na Shaaban Robert, yule mshairi na mwandishi ambaye uliambiwa usome vitabu vyake shuleni. Shaaban Robert akaandika maisha yake kwenye kitabu kinachoitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Angeweza kuandika kuhusu sultani ama tajiri. Aliamua kuandika kuhusu mwanamke mfinyanzi aliyegeuka mwimbaji. Ni kwa sababu ya kitabu hicho ndipo mengi ya haya tunayajua. Fikiria wangapi kama yeye walipotea kwa sababu hakuna mtu aliyewaandika.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Mwingereza na sultani. Hakuuona uhuru wala mapinduzi.

Basi wewe utafanya nini nayo

Leo huko Tanzania chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Mwaka wa 2020, kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu inayoitwa Siti of Unguja, akizirudisha zile nyimbo kwa sauti mpya. Damu bado inaimba.

Lakini usibaki kumweka Siti kwenye rafu kama kombe la zamani. Ukisikia taarab ya Mombasa kwenye harusi, ama msanii wa pwani akichanganya mashairi na biti za kisasa, kuna mlango aliufungua. Ukisikia msanii anaambiwa aachane na lugha ya mtaani kwa sababu mziki wa maana lazima uimbwe kwa lugha ya wakubwa, kumbuka kuna mwanamke aliyeambiwa hivyo kabla yetu sote. Kiswahili cha Ng'ambo kilichoonekana hakifai ikulu ndicho kilichouza santuri.

Na ukikutana na msee anayekuambia huwezi kutoka mahali ulipo kwa sababu ya jina lako, mtaa wako, ama kazi ya mama yako, huna haja ya kubishana naye. Mpe stori ya msichana wa Fumba. Mwambie alikuwa anaitwa Mtumwa, alikuwa anabeba vyungu, na alipofika miaka 30 alikuwa hana kitu ila sauti.

Halafu usiku ukitulia, tafuta zile santuri za zamani mtandaoni. Zimejaa mikwaruzo, udi unasikika kama uko chumba kingine, na sauti inatoka mbali. Usizime. Kaa nayo hadi sikio lako lizoee. Ile unayoisikia ni sauti iliyokuwa ikinadi vyungu barabarani, na bado inafika kabla ya mwenyewe.